Fundi Anajibu: Peji folti, 386 na mashine inayojirestati yenyewe

Toleo lililopita niligusia kidogo memori pepe kwenye prosesa za zamani za Intel, 386 na wenzake, nikajua watasoma watu watatu wanne basi. Kumbe mko kibao mnaoandika kerneli, yaani ile programu kuu inayoongoza mashine, usiku wenzenu wakiwa wamelala! Maswali yamekuja mengi mpaka ikabidi nichague, yanayofanana nimeyaunganisha, na wale mliouliza bei ya laptop mnisamehe, hiyo siyo kona hii.

Kwa ambao hawakuwepo, kifupi tu. Memori pepe ichukulie kama S.L.P. Kuna S.L.P. 210 Moshi na kuna S.L.P. 210 Tanga, namba moja masanduku mawili, na namba yenyewe haikwambii mtu analala nyumba gani. Programu inashika namba ya sanduku, prosesa inafungua daftari, ndo jedwali la peji, inaangalia hiyo namba iko wapi kwenye RAM yenyewe. Kwenye 386 kila peji ni baiti 4096. Sanduku lisipokuwepo kwenye daftari, au lipo ila huna ruhusa ya kutia kitu, prosesa inaacha kazi na kuita kerneli kwa interapti, yaani kengele ya kuikatiza, namba 14, hiyo ndo peji folti. Mara nyingi wala siyo kosa, kerneli inaenda kuleta peji iliyokuwa diski, inaiweka, programu inaendelea bila hata kujua. Ishu inaanza pale folti inapomkuta kerneli mwenyewe na hajajiandaa.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo mwaka wa tatu, tumepewa mradi wa kuandika kerneli ndogo ya 386 tangu sifuri. Kila kitu kilikuwa kinaenda, naandika kwenye skrini, kibodi inaitika, ila nikiwasha peji tu, yaani ile biti ya 31 ya CR0, rejista ya kuongozea prosesa, mashine inajirestati. Haisemi kitu, inaanza upya, inarestati tena, ivo ivo mpaka niizime. Nimesoma kodi mara mia sioni kosa na tunawasilisha wiki ijayo. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza acha kuisoma hiyo kodi, mara ya mia na moja utaona kilekile ulichokiona mara ya kwanza. Iulize mashine.

Iko hivi. Peji folti imetokea, prosesa ikaenda kuitafuta hendla yako ya 14, yaani kodi ya kuishughulikia, haikuipata, au imeipata ila staki, ile memori ya kuwekea vitu vya muda, haimo kwenye jedwali la peji kwa hiyo haina pa kuweka vitu vyake. Folti juu ya folti, hiyo inaitwa dabo folti, namba 8. Nayo ikagoma kwa sababu ileile. Hapo prosesa inanyoosha mikono na kujifunga, maza bodi ikiona imejifunga inairestati, watu wanaiita tripo folti. Ujumbe huuoni kwa sababu wa kuuandika ni hendla ambayo haijafikiwa.

Mshukiwa wangu wa kwanza, na nakuwekea soda hapa: kerneli umeipakia kwenye MB 1, yaani 0x00100000, halafu linka, programu inayounganisha kodi yako, umeiambia kerneli inaishi juu kule 0xC0100000, na kwenye jedwali umeandika ya juu peke yake. Sasa fikiria ile sekunde biti 31 inawaka. EIP, rejista inayoshika anwani ya amri inayofuata, bado inasema 0x00100032 au karibu na hapo, na kuanzia sekunde hiyo namba hiyo siyo nyumba tena, ni namba ya sanduku, prosesa inafungua daftari inakuta patupu. Amri inayofuata yenyewe haisomeki! Dawa yake ni kuandika zote mbili, MB 4 za chini ziende kwenye zenyewe, na za juu ziende hapohapo chini, uwashe peji, uruke kwenda anwani ya juu, ukishatua huko ndo ufute za chini. Usizifute kabla hujaruka, kuna mtu nilimsaidia alifanya hivo akazunguka siku nzima.

Kuhakikisha, endesha kwenye QEMU, emuleta yaani programu inayoiga mashine, uongeze -no-reboot na -d int. Ya kwanza inazuia isirestati, ya pili inakuandikia kila interapti. Utakuta mstari una v=0e, hiyo ni 14 kwa heksa, pembeni e=0000, halafu mbele yake IP, ndo ileile EIP, na CR2. CR2 ndo rejista ambayo prosesa inaandika anwani iliyosababisha folti. Kama CR2 na IP ni namba moja basi soda yangu nimeshinda, prosesa ilishindwa kuchota amri. Kama CR2 iko baiti nne chini ya ESP, rejista inayoonyesha staki ilipofika, staki ndo haimo. Kama CR2 haifanani na chochote, angalia CR3 umeweka nini, maana CR3 ndo inayomwonyesha prosesa saraka ya peji, daftari kuu la majedwali, iko wapi, na inataka anwani halisi ya RAM, ukiitilia 0xC0105000 badala ya 0x00105000 prosesa itaenda kusoma daftari mahali ambapo hata RAM haipo na itasoma takataka. Na saraka ya peji lazima ianzie kwenye mpaka wa 4096, zile biti 12 za mwisho prosesa haizihesabu kama anwani.

Kwenye mashine yenyewe bila emuleta tunafanya kizee: weka amri inayojirukia yenyewe hapohapo baada ya kuwasha peji. Mashine ikiganda, umepita. Ikirestati, hukupita. Sogeza amri chini kidogo, jaribu tena. Siyo njia ya kujivunia mbele za watu ila inafika.

SWALI: Mkuu, mi peji hata sijagusa. Nikifungulia interapti kwa sti tu napata dabo folti namba 8, palepale. Nimecheki staki iko poa. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hiyo siyo dabo folti, hiyo ni saa. IBM walipotoa PC mwaka 1981 waliielekeza saa ya mashine kwenye namba 8 wakati Intel walishaandika kwamba namba 0 mpaka 31 ni za kwao, ugomvi wa wakubwa na sisi ndo tunaulipa mpaka leo. Saa inagonga kama mara 18 kwa sekunde, ndo maana inakukuta palepale. Ziprogramu chipu mbili za 8259, zinazopokea interapti za vifaa, zihamie 32 kwenda juu, ndo ufungulie. Na kuzitofautisha ni rahisi, dabo folti ya kweli inasukuma sifuri kwenye staki kama namba ya kosa, saa haisukumi kitu.

Peji folti nayo inasukuma namba ya kosa, hapo nimeshaona watu wengi wanasahau kuitoa kwenye staki kabla ya iret, amri ya kurudi kutoka kwenye interapti, halafu wanapata namba 13, folti ya ulinzi, na kuanza kuhangaika na segmenti ambazo hazina hatia.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina 386DX niliyoachiwa na mjomba, RAM MB 8, bado inawaka vizuri tu. Nimeandika kerneli yenye memori pepe, programu mama akizaa mtoto wanashea peji mpaka mmoja aandike ndo anakatiwa nakala yake. Kwenye QEMU inapiga kazi wiki nzima bila tatizo. Nikiipeleka kwenye mashine ya mjomba, mtoto akisoma faili data za mama zinabadilika! Hakuna peji folti hata moja iliyoandikwa. Nimebadilisha diski, nimebadilisha RAM, nimebadilisha mpaka waya wa umeme. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Waya wa umeme umenichekesha, ila nakuelewa kabisa, mtu akishafika kwenye waya ujue amechoka.

Hili swali ndo lililonifanya nikubali kuandika toleo zima. Rudi kwenye hatua moja: mtoto anaposoma faili, nani anaandika kwenye bafa yake, yaani memori ya kupokelea data? Siyo mtoto. Mtoto ametoa anwani tu, kerneli ndo inachukua baiti kutoka diski na kuzimwaga kwenye hiyo anwani. Wewe ile peji umeiwekea alama ya kusomwa tu, ukitegemea yeyote atakayeandika atapata folti, hendla inakata nakala, mambo yanaenda. Kwa mtoto ni kweli. Kwa kerneli, kwenye 386, siyo kweli. 386 ikiwa kwenye ngazi ya kerneli haiangalii kabisa ile biti ya ruhusa ya kuandika. Inaandika tu. Kwa hiyo kerneli yako imemwaga faili moja kwa moja kwenye peji ambayo mama naye anaitumia, na prosesa haikuona sababu ya kumwambia mtu.

Intel walikuja kulirekebisha kwenye 486, mwaka 1989, wakaweka biti inaitwa WP, ni biti ya 16 ya CR0. Ukiiwasha hata kerneli inaheshimu ruhusa. Nina uhakika kerneli yako inaiwasha, la sivyo hata QEMU ingekuumbua. Ila 386 hiyo biti haina, unaiandika na haifanyi kitu. Na QEMU haikuonyeshi hili kwa sababu prosesa yake ya zamani kuliko zote ni 486, 386 ya kweli haimo. Emuleta yenye 386 ni Bochs, uikusanye mwenyewe kutoka kwenye kodi yake kwa ngazi ya CPU namba 3. Ina uvivu wa kinyonga ila itakupa bagi lako, yaani kosa la kodi, hapo mezani, usiwe unabeba flopi kwenda na kurudi.

Kabla ya kuniamini fanya testi hii, haizidi mistari kumi. Chukua peji moja, iandike kwenye jedwali kwamba ipo ila ni ya kusomwa tu, isome CR3 na kuiandika tena ileile ili prosesa iisome upya, halafu kerneli ijaribu kuandika baiti moja humo. Hendla ya 14 ikiitwa, prosesa inaheshimu. Ikipita kimyakimya, uko kwenye 386. Linux miaka na miaka ilikuwa inafanya testi hiihii inapowaka, ukikaa mbele ya skrini ulikuwa unaona mstari unapita ukisema inajaribu kama prosesa inaheshimu WP.

Sasa dawa. Kila mahali kerneli inapoandika kwenye anwani ya programu, na uzitafute zote maana ni nyingi kuliko unavyodhani, siyo kusoma faili peke yake, kuna majibu ya saa, kuna hali ya mtoto aliyekufa, kuna kusoma paipu, kote huko kabla ya kuandika ipitie saraka na jedwali kwa mkono. Biti 10 za juu za anwani zinakupa mstari wa saraka, 10 zinazofuata mstari wa jedwali, 12 za mwisho ni mahali ndani ya peji. Ukikuta peji haipo au haina ruhusa ya kuandika, iite hendla yako ya peji folti wewe mwenyewe kana kwamba prosesa ndo imeiita, ikate nakala, ndo uandike. Bafa ikivuka mpaka wa peji, cheki zote mbili. Hapo wengi wanaanguka, wanacheki peji ya kwanza tu, bagi linabaki ila linatokea mara moja kwa siku badala ya kila dakika, na hilo ni baya zaidi.

Na kuna mtego mwingine. Usicheki halafu ukalala. Ukishacheki ruhusa, ukaenda kusubiri diski, kazi nyingine ikaingia hapo katikati, ikazaa mtoto, peji uliyoicheki imerudi kuwa ya kusomwa tu na wewe ukiamka unaandika kwa kujiamini. Subiri diski kwanza, data iwe mkononi kwenye bafa ya kerneli, ndo ucheki na kuandika bila kuachia nafasi katikati.

Kama unaona huu ni usumbufu mkubwa kwa prosesa moja, hauko peke yako. Linux yenyewe, ambayo Linus Torvalds aliianza 1991 kwenye 386, iliitupa 386 kwenye toleo 3.8 mwaka 2013, na usumbufu wa namna hii ndo ulikuwa umewachosha. Maoni yangu: kama ni mradi wa kupita chuo, andika kwamba inahitaji 486 na ulale. Kama ni kwa ajili ya mashine ya mjomba, malizia, kwa sababu ukimaliza hili utakuwa unaijua kerneli yako kuliko ulivyowahi.

SWALI: Mambo fundi. Bagi langu lina aibu. Naondoa peji kwa programu moja nampa mwingine, yule wa kwanza wakati mwingine bado anaweza kuisoma! Nikiweka laini ya kuprinti ili nione, linapotea. Nikiitoa, linarudi. Wenzangu wananicheka. Ni 386SX. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Poa. Waambie wenzako waache kucheka, hilo limewaliza watu wenye mvi.

Prosesa haifungui daftari kila mara, ingekuwa inatambaa. Inakariri majibu ya karibuni kwenye kijikashe kinaitwa TLB, na kwenye 386 kina nafasi 32 tu, ukizidisha kwa 4096 unapata KB 128. Wewe umefuta mstari kwenye jedwali, yaani umebadilisha daftari, ila prosesa bado inalo jibu la zamani kichwani na inaendelea kumpeleka mtu nyumba ambayo ina mpangaji mwingine. Sasa laini yako ya kuprinti inafanya nini? Inagusa memori ya skrini, inagusa maneno ya kuandika, inagusa kodi ya kuprinti na staki, zote hizo ni peji nyingine, na nafasi ni 32 tu kwa hiyo jibu la zamani linasukumwa nje. Bagi linapotea. Linakuwepo kabisa ila wewe ndo unalifukuza kila ukija na tochi.

Dawa ni kuisoma CR3 na kuiandika tena ileile, TLB yote inafutika. Kwenye 486 kwenda mbele kuna INVLPG inayofuta peji moja, tamu, ila usiiweke kwenye 386, haiijui, itakupa namba 6 ya amri isiyotambulika. Wengine wakishaipata hiyo 6 wanadhani memori imeharibika, kumbe amri yenyewe ndo haijazaliwa bado.

Ukitaka kuhakikisha ni TLB, futa TLB kila unapogusa jedwali lolote, kila mahali, bila kufikiria spidi. Bagi likikata kabisa ni lenyewe, anza kuondoa moja moja. Peji ambayo haikuwepo na sasa ipo haihitaji kufutiwa, Intel haikariri peji zisizokuwepo. Unaihitaji unapoondoa, au unapopunguza ruhusa, kama pale unapowawekea mama na mtoto alama ya kusomwa tu. Hapo ndo watu wanasahau upande wa mama. Mtoto ana saraka mpya, CR3 yake ni mpya, mama anaendelea na majibu ya zamani yenye ruhusa ya kuandika.

Na jifunze kuisoma namba ya kosa, ni biti tatu tu kwenye 386. Moja maana yake peji ipo ila ruhusa imekataa, mbili maana yake ilikuwa kuandika, nne maana yake aliyekosea ni programu siyo kerneli. Jumlisha. Ukipata 7, programu ilijaribu kuandika kwenye peji iliyopo na ikakataliwa. Sasa ukifungua jedwali ukakuta peji hiyohiyo ina ruhusa ya kuandika, prosesa na daftari hawasemi kitu kimoja, rudi kwenye TLB.

SWALI: Fundi, CR2 yangu inanidanganya. Mara inasema 0x00800014, mara 0x00000014, mara anwani ambayo programu iliyokufa haina kabisa. Nimeprinti rejista zote. Nimwamini nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapa naona mambo mawili yamechanganyika.

Anwani ambayo programu haina: CR2 ni moja tu kwa mashine nzima, folti mpya inafuta ya zamani. Ukiiwekea 14 geti la trapu, interapti zinabaki wazi, saa inagonga kabla hujaisoma CR2, kerneli inabadilisha kazi, hiyo kazi nyingine nayo inapata folti yake, ukirudi unasoma CR2 ya jirani. Tumia geti la interapti, lenyewe linafunga, soma CR2 amri za mwanzo kabisa, itunze kwenye staki, ndo ufungulie. Hata kuprinti usiprinti kabla.

Hizo mbili nyingine ziangalie vizuri. 0x14 ni pointa tupu, mtu amefuata muundo ulioko sifuri akataka kitu kilichoko baiti ya 20. Hiyo ni bagi lako, litafute kwa EIP. Ila 0x00800014 ni ileile 0x14 yenye biti moja ya ziada, biti ya 23. Namba zinazotofautiana kwa biti moja tu, tena biti ileile kila mara, usizitafute kwenye kodi. Mi nilipoteza siku tatu na mashine ya namna hiyo, kerneli inakufa saa sita usiku, asubuhi iko poa, nikaandika upya kodi ya kugawa peji mara mbili, nzuri kuliko ya kwanza, na bado ikawa inakufa. Siku ya tatu nikaziandika CR2 zote kwenye karatasi chini kwa chini, kumi na moja, kwa biti, na ule mstari wa wima wa moja moja ukajitokeza wenyewe kama uzi kwenye kanga. Nikachomoa SIMM, vile vipande vya RAM, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikazirudisha. Bagi likaisha. Ile kodi niliyoiandika upya nimebaki nayo.

Endesha memtest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha kabla hujabishana na kodi.

Na kama tofauti ni MB 1 kamili, 0x00100000, yaani biti ya 20, hapo usikimbilie ufutio, kuna A20. 8086 ilikuwa na nyaya 20 za anwani, ukivuka MB 1 unarudi sifuri, na kuna programu zilizokuwa zinategemea hivo. IBM walipotoa AT mwaka 1984 yenye 286 na nyaya 24, waliweka geti la kuizima waya ya 20 ili zile programu ziendelee, na geti lenyewe wakalipitisha kwenye chipu ya kibodi. Ya kibodi! Likiwa limefungwa, kila anwani halisi yenye hiyo biti inaanguka MB 1 chini, na peji hazikuokoi kwa sababu geti liko baada ya jedwali, linakata anwani iliyokwisha kutafsiriwa. Umeweka jedwali la peji kwenye MB 1, kumbe limeandikwa juu ya sifuri. Emuleta nyingi zinakupa geti likiwa wazi tayari, ndo maana hulioni mpaka ufike kwenye chuma. Andika namba kwenye 0x00100500, soma 0x00000500, kama ni ileile badilisha moja usome tena, zikienda pamoja geti limefungwa.

SWALI: Kijana wangu, mimi nimeacha kazi siku nyingi ila nasoma. Enzi zetu tulikuwa tunaambiwa 68000 ya Motorola ni prosesa safi kuliko za Intel. Mbona hakuna anayeitaja kwenye haya mambo ya memori pepe? (Mzee, Unguja)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ilikuwa safi kweli, Macintosh ya 1984 ilitumia hiyohiyo, ila kwa memori pepe ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya. Peji isipokuwepo lazima prosesa isimame katikati ya amri, peji iletwe, halafu amri irudiwe kana kwamba hakuna kilichotokea. 68000 ilikuwa inajua kusimama, haijui kurudia. Ilikuwa inatunza baiti 14 kwenye staki, na humo hamna habari za kutosha za amri iliyokatika ilikuwa imefika wapi, kama rejista imeshaongezwa au bado. Mwaka 1982 wakatoa 68010, yenyewe inatunza baiti 58, inaendelea pale ilipoishia.

Walioshindwa kusubiri walikuwa kampuni ya Apollo ya Marekani. Waliweka 68000 mbili kwenye mashine moja, moja inafanya kazi, ikipata folti haiambiwi chochote, inawekwa tu kwenye kusubiri jibu la memori kana kwamba RAM imechelewa, huku ya pili ndo inakimbia kuleta peji. Ya kwanza haikuwahi kujua kuna folti imetokea. Mi hiyo kila nikiifikiria nacheka.

Na kwa kuwa umenikumbusha mambo ya hila mzee, nikupe na ya Intel. Mwaka 1997 ilijulikana kwamba Pentium ukiilisha baiti nne, F0 0F C7 C8, hata ukiwa mtumiaji wa kawaida usiye na ruhusa yoyote, mashine nzima inaganda mpaka uizime. Ilitakiwa itoe namba 6 tu, amri mbovu, ila ilikuwa inashika njia ya memori na haiachii. Chipu zimeshauzwa, huwezi kuzirudisha. Walichofanya Linux ni kuliweka daftari la interapti, linaloonyesha hendla ya kila namba, kwenye peji isiyoruhusiwa kuandikwa, kwa hiyo prosesa ikiwa inaenda kulishika daftari kwa ajili ya namba 6 inajikwaa kwenye peji folti kabla haijaganda. Hendla ya 14 inachukua CR2, inatoa mwanzo wa daftari, inagawanya kwa 8, jibu likiwa 6 inaiua hiyo programu kama iliyotoa amri mbovu, na wengine wanaendelea na kazi zao.